Maadui Wawili, Maiki Moja

Filamu za nyambizi zote ni moja. Nimeingiza sauti kwenye tisa, kwa hiyo nisikilize mimi. Kuna vita. Kuna chuma kirefu chini ya maji, ndani yake wanaume arobaini wananuka jasho. Mmoja ana picha ya mchumba mfukoni, huyo usimzoee. Bomba litapasuka. Halafu wataokota adui baharini, na adui huyo ndiye atakuwa mtu pekee duniani anayejua kutengeneza kile kilichoharibika. Wanatazamana kwa chuki nusu saa, wanatengeneza, wanapeana mikono, na watu ukumbini wanafuta machozi.

Uongo mtupu. Ukitaka kuona maadui waliolazimishwa kushirikiana, bahari ya nini? Njoo kwa dada yangu. Vyumba viwili, choo kimoja, na shemeji.

Shemeji yangu, mume wa dada, watu wanamwita Profesa. Alikaa shuleni mpaka madawati yakamchoka. Mimi naitwa Kasuku. Shule niliiacha darasa la sita. Mimi na mwalimu tulikubaliana kwamba tunapotezeana muda. Baada ya hapo nimebeba saruji, nimeosha magari, nimeuza maji ya kunywa, na kote nimefukuzwa kwa sababu ya mdomo. Tajiri wa saruji nilimwiga anavyokoroma, kumbe amesimama nyuma yangu. Ni sehemu moja tu mdomo haujanifukuzisha, kwa sababu huko mdomo ndiyo kazi yenyewe. Ni kwenye kibanda cha sauti cha Mama Tiketi.

Mama Tiketi ndiye mwenye ukumbi wa sinema. Filamu zinakuja na lugha za kwao, watu hawazielewi, basi sisi tunakaa kwenye kibanda nyuma ya ukumbi, tunaangalia kwenye skrini ndogo na kusema kwenye maiki. Watu wanatusikia palepale kwenye spika. Hakuna kurudia. Ukikosea, umekosea mbele ya watu mia mbili.

Siku za Profesa, Profesa anatafsiri. Lugha anazijua, sikatai. Ila kila sentensi lazima aianze na "kwa tafsiri sahihi". Mtu amepigwa risasi ya tumbo, damu inaruka, Profesa anasema: "Kwa tafsiri sahihi, anaeleza kwamba hajisikii vizuri." Na filamu haiangalii kabla. Anasema kuangalia kabla ni kazi ya watu wasiojua lugha, huku ananitazama mimi.

Mimi lugha sijui hata moja. Naiangalia filamu mara tatu kwenye simu, nashika nani anamchukia nani na nani anakufa, maneno nayatunga mwenyewe. Katikati nautania ukumbi. "Nahodha anasema, wewe wa benchi la tatu, vua kofia, hatumwoni adui." Hata Mama Tiketi namtia humo. Jambazi akikimbia nasema anamkimbia Mama Tiketi kwa sababu aliingia bila tiketi. Ukumbi unakufa kwa kicheko.

Kwa hiyo kukawa na watu wa Profesa na watu wa Kasuku. Wakaanza kwa kuzomeana, wakamaliza kwa kuvunja benchi. Ndipo Mama Tiketi akatuita.

"Nimechoka," akasema. "Jumamosi saa tisa mnaingia wote wawili. Ni filamu ya nyambizi. Profesa atakuwa nahodha, Kasuku atakuwa yule adui fundi. Atakayeshangiliwa zaidi ndiye anabaki. Mwingine akatafute maiki kwingine."

"Mama, kwingine hakuna maiki," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimesema akatafute."

Profesa akanyoosha koti lake. "Mimi sina wasiwasi. Watu wanataka ukweli."

"Shem, watu wakitaka ukweli wanabaki majumbani kwao," nikasema.

Ila wasiwasi ninao. Yeye akikosa maiki ana vyeti. Anavitunza kwenye bahasha ya plastiki chini ya godoro, dada analala juu ya elimu. Mimi nikikosa maiki ninarudi kwenye saruji, na huko wananikumbuka.

Sasa nikueleze kibanda. Zamani kilikuwa stoo ya vifagio. Watu wawili wakikaa, magoti yanagusana. Kuta tumezipigilia magodoro makuukuu ili kelele zisiingie, na ukinusa utajua watoto waliolalia magodoro hayo walikuwa hawaamki kwenda chooni. Juu ni bati. Feni haturuhusiwi, inaunguruma kwenye maiki. Simu haturuhusiwi, zinakwaruza kwenye spika. Tunaziacha nje kwenye kikapu. Mlango nao una godoro lake, mzito kama deni. Kitasa cha ndani kilitoka zamani, hakikurudishwa. Ukiufunga kabisa, unafunguka kwa nje tu.

Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Tunabana kandambili mlangoni. Hewa inaingia kidogo, na mtu anaweza kutoka. Mwaka mzima mimi na Profesa tulikuwa tunapokezana kandambili hiyo, ndicho kitu pekee tulichokuwa hatugombanii.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Dada alikuwa benchi la mbele kabisa. Nilimuuliza amekuja kumshangilia nani.

"Nimekuja kuangalia filamu," akasema. "Nyie nawaona bure nyumbani."

Profesa alitundika koti lake nje ya kibanda, lisikunjamane. Tukaingia. Mama Tiketi akaiwasha filamu huko mbele, akaenda kukaa kwenye lango kuu kuvizia wanaopenya. Maiki katikati yetu, skrini mbele ya pua.

Dakika ya tano Profesa akafunika maiki kwa kiganja. "Toa hiyo kandambili. Kelele zinaingia, zinaharibu matamshi."

"Matamshi yako yaliharibika yenyewe."

"Itoe, au nitatangaza kwenye maiki kwamba hujui kusoma."

Kusoma najua. Lakini nilikasirika. Nikaichomoa kandambili, na yeye, kwa ajili ya kunionyesha, akauvuta mlango kwa nguvu zake zote. Ukafunga, kichwi! Tukatazamana. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza mimi na shemeji kuifanya kwa ushirikiano tangu amwoe dada.

Ila mwanzoni tulijali wapi. Tulikuwa vitani. Nahodha wake akifungua mdomo kwenye skrini, yeye anasema, "Kwa tafsiri sahihi, nahodha anaamuru tushuke mita mia moja," na mimi haraka naingiza fundi wangu: "Huyu nahodha kwao hata kisima hawana." Kicheko. Huwa nakisikia kwa kiganja. Unaweka mkono ukutani, ukuta unatetemeka. Naye akajifunza haraka, mjinga si yeye. Fundi wangu akiongea kwenye skrini, Profesa ananikatiza: "Kwa tafsiri sahihi, adui anakiri kwamba anaogopa giza na bado analelewa na dada yake." Ukuta ukatetemeka zaidi. Nikamkanyaga mguu.

Saa nzima ikaenda hivyo. Bati likawa linapika. Jasho linanitoka mpaka kwenye masikio, shati la Profesa limegeuka ngozi. Halafu nikasikia kitu kama filimbi. Nikadhani ni nyambizi. Kumbe ni kifua chake.

Profesa ana pumu. Dawa yake ya kupuliza iko kwenye koti. Koti liko nje, limetundikwa vizuri, halijakunjamana.

"Fungua mlango," akaniambia.

"Kwa kitasa kipi?"

Akausukuma kwa bega. Godoro likambusu, basi. Nikausukuma na mimi. Akashika maiki. "Mama Tiketi, tufungulie, mlango umefunga, hatuna hewa!"

Kiganja changu kilikuwa ukutani. Ukuta ukatetemeka kwa makofi.

Kwenye skrini, wakati huohuo, mabaharia walikuwa wanahangaika na bomba, midomo wazi, macho yamewatoka. Maneno yake na midomo yao yakaingiana vizuri kuliko chochote alichowahi kutafsiri maishani mwake.

"Si filamu!" nikapiga kelele kwenye maiki. "Jamani, mimi Kasuku, nasema kweli, tumefungiwa kwenye kibanda! Mama Tiketi, acha kukagua watu, njoo!"

Kicheko. Miluzi. Mwaka mzima nimemtia Mama Tiketi kwenye kila filamu, leo nimemwita kwa kweli na watu wanafikiri ni utani mwingine. Nilijilaani. Halafu nikamlaani Profesa, ili tuwe sawa.

Tukaanza kuupiga mlango mateke. Du! Du! Du! Kwenye skrini meli za juu zilikuwa zimeanza kudondosha mabomu. Ndani ya ukumbi, spika zinagonga du! du! kwa mpangilio, nahodha anayumba, taa zinazima. Hatujawahi kuwa na mabomu mazuri namna ile. Baadaye mtu mmoja aliniambia alijificha chini ya benchi.

"Acha, acha," Profesa akasema, amekaa chini juu ya kopo la rangi, amefunika maiki kwa shati. "Tunyamaze. Tukinyamaza wote wawili, watakuja kuuliza kuna nini."

Wazo zuri, sikatai. Ila liangalie vizuri. Mmoja akinyamaza na mwingine akaendelea kuongea, aliyenyamaza ameshindwa. Itasemekana alikosa maneno. Na yeye alijua, na mimi nilijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

"Tuhesabu mpaka tatu," nikasema.

Moja. Mbili. Tatu.

"Kwa tafsiri sahihi..." akasema yeye.

"Nahodha una jicho la..." nikasema mimi.

Tukaangaliana.

"Wewe ni mwongo," akaniambia, anahema.

"Na wewe je? Hiyo tafsiri sahihi ilitoka yenyewe?"

Tukahesabu tena. Safari hii nilimshika mdomo, na yeye akanishika wangu. Hivyo ndivyo tulivyokaa, mtu na shemeji yake, kila mmoja ameziba mdomo wa mwenzake kwa kiganja chenye jasho, tukisubiri ukumbi ulalamike. Nikaweka mkono mwingine ukutani.

Kimya. Hakuna anayezomea. Hakuna anayepiga mluzi. Watu mia mbili, hata benchi moja halilii. Nikageuka kwenye skrini. Nahodha ameweka kidole mdomoni. Mabaharia wote wameganda, wanatazama juu. Meli za adui zinasikiliza, na ndani ya nyambizi hakuna anayeruhusiwa kutoa hata pumzi.

Niliiangalia filamu hiyo mara tatu. Sehemu hiyo ni dakika sita.

Profesa akaona ninachokiona. Akautoa mkono wangu mdomoni taratibu. Filimbi ya kifua chake sasa ilikuwa nyembamba, na katikati ya kuvuta na kutoa palikuwa na nafasi ambayo sikuipenda.

"Yule... mzee... wa mwaka jana," akasema.

Nilimwelewa. Mwaka jana mzee mmoja alisimama katikati ya filamu akatangaza muuaji ni nani. Watu walimtoa na benchi lake. Ukumbi wetu unasamehe mambo mengi. Umeme ukikatika, wanaimba. Panya akipita, wanampisha. Lakini mtu akisema mwisho wa filamu, hata akiwa padri, atapigwa.

"Waambie mwisho," Profesa akasema.

"Nikiwaambia nimekwisha. Hapo siyo kushindwa tu, Mama Tiketi hatanikubali hata kufagia."

"Waambie, Kasuku."

"Sema wewe basi! Wewe si ndiye unataka watu wapewe ukweli?"

Akanitazama. "Siujui," akasema.

Bila shaka hakuujua. Kuangalia kabla ni kazi ya watu wasiojua lugha.

Nataka nikuambie kwamba nilimwonea huruma papo hapo. Kwanza niliifikiria saruji. Nilifikiria ule uzito shingoni, na vumbi lile linalokaa puani wiki nzima. Halafu nikaona kucha zake. Zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Nikamfikiria dada, benchi la mbele, anaangalia watu wa bandia wakikosa hewa na pengine anawaonea huruma. Na hapo ndipo nikakumbuka kitu. Sauti ya shemeji naijua. Miaka miwili nalala kwenye kochi lao, kila akitoka namwiga, dada anacheka mpaka anashika mbavu. Naijua sauti ile kuliko anavyoijua mwenyewe.

Nikavuta maiki. Nikabana shingo, nikashusha kidevu, kama ninavyofanya nyumbani.

"Kwa tafsiri sahihi, ndugu watazamaji, msijisumbue kusubiri. Nahodha na fundi wanaitengeneza pampu, wanapeana mikono, wanapanda juu salama. Halafu meli ya nahodha mwenyewe inadhani ni adui, inawalipua wote. Nahodha, fundi, mpishi, na yule mwenye picha ya mchumba. Hakuna anayebaki. Kwa tafsiri sahihi, mwisho."

Kisha ukuta ukaniruka mkononi.

Nimesikia kelele nyingi, lakini ile ilikuwa na miguu. Walikuja wakipindua mabenchi. Mlango haukufunguliwa, uling'olewa, na godoro lake. Nikaona nyuso kama ishirini, na katikati yao dada, anapita chini ya mikono ya watu na lile koti. Alikuwa ameshaitoa dawa mfukoni. Akamwekea mumewe mdomoni, akambonyezea mara mbili, akamshika kichwa. Watu waliokuja kupiga wakasimama na ngumi zao hewani, hawajui pa kuzipeleka.

Mama Tiketi akafika, anahema kama yeye ndiye mwenye pumu. "Nani kasema mwisho?"

"Profesa!" ukumbi mzima. "Tumemsikia kwa masikio yetu! Kwa tafsiri sahihi!"

Hata watu wake mwenyewe. Wao ndio walipiga kelele zaidi.

Profesa alikaa kwenye kopo la rangi, anavuta hewa. Akainua macho akanitazama. Nikajiandaa. Neno moja tu, "si mimi", wangeniambia hebu Kasuku iga tena, na ningejikanyaga hapohapo. Miguu ilishaanza kutafuta njia.

"Ni mimi," Profesa akasema. "Na nimesema sahihi."

Nilidhani amepungukiwa na hewa kichwani. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Angesema si yeye, ingebidi akubali kwamba mtu wa darasa la sita ameivaa sauti yake mbele ya watu mia mbili, na hakuna aliyegundua tofauti. Miaka yote ile ya madawati, halafu Kasuku anaivaa kama kandambili. Afadhali afukuzwe kazi. Msomi atakuachia maiki, sauti hakuachii.

Basi nikabaki mimi. Mama Tiketi alinitangaza palepale, hakuna aliyeshangilia, walikuwa wanadai mwisho mwingine.

Nyumbani dada alinipa chakula bila kunitazama. Profesa alikuwa amelala chumbani.

"Ulifikiri sijui?" dada akasema.

"Hujui nini, dada?"

"Mume wangu hawezi kusema 'msijisumbue'. Angesema 'msijitaabishe'." Akachukua sahani yangu kabla sijamaliza. "Umemponya na umemwibia kwa pumzi moja. Sijui nikupige au nikushukuru."

"Chagua kimoja, nijue nikimbie au nikae."

"Koti alilivaa juu ya lile shati la jasho. Lifue. Kila Jumapili, mpaka nitakapochagua."

Mpaka leo hajachagua. Nalifua.

Kazi ninayo, ila si ile niliyoipigania. Wiki iliyofuata watu walilalamika kwamba filamu bila nahodha anayeongea kisomi haina ladha. Mama Tiketi akaniambia, "Wewe si Kasuku? Iga." Kwa hiyo sasa nakaa peke yangu kibandani, maadui wote wawili ni mimi. Najitukana, najijibu, najipa mkono. Watu wanalia. Kitasa cha ndani bado hakijarudishwa.

Na Profesa anakuja. Kila Jumamosi, amevaa koti nililolifua, anakata tiketi kama wengine. Anakaa mbele, karibu na dada. Tukirudi nyumbani ananiambia, "Leo nahodha wangu umemkosesha adabu mara nne." Wangu, anasema.

Lakini kabla ya filamu kuanza anakuja kwanza kibandani. Anavua kandambili ya kushoto, anainama, anaibana mlangoni mwenyewe. Kisha anarudi kwenye benchi na mguu mmoja wazi. Sijui anafanya hivyo kwa sababu ananitakia hewa, au ni ili asikie vizuri ninapokosea. Sijamuuliza. Namshukuru, nasubiri afike kwenye benchi lake, halafu nainama naikagua, mara mbili, kama kweli imekaa.